Daftari na Slaidi Arobaini na Moja

Slaidi ya kumi na saba ndiyo iliyomnyamazisha mama yake.

Mpaka hapo mambo yalikuwa yanakwenda vizuri, au ndivyo alivyojidanganya Msomi. Alikuwa amesimama mbele ya meza ndefu ya chumba cha mikutano cha bohari ya dawa, tai ya baba yake shingoni, nukta nyekundu ya taa ya kuonyeshea ikiyumba ukutani kama nzi aliyelewa. Alikuwa na slaidi arobaini na moja. Mkutano ulipangiwa nusu saa. Hesabu hiyo nyepesi haikuwa imempitia kichwani, ingawa alikuwa na digrii ya kompyuta ya daraja la kwanza, na picha yake ya mahafali ilitundikwa nyumbani juu ya televisheni, mahali ambapo hata mgeni mwenye macho mabovu hangeikosa.

“Kanuni ni moja tu,” alisema. “Kila programu inayofanya kazi kwenye mashine yetu lazima iwe na maandishi yake, yale maagizo aliyoyaandika mtu kabla mashine haijayatafsiri kwa lugha yake. Maandishi yatunzwe mahali pamoja, na kila anayeyagusa ajulikane ni nani, lini, na kwa nini. Programu isiyo na maandishi ni yatima. Hatutaki yatima.”

Meneja, mtu wa haraka aliyependa maneno mafupi, akaandika “yatima” kwenye karatasi yake na kulipigia mstari. Mkuu wa wapakiaji, bwana wa miraba minne aliyeitwa Kepteni na kila mtu, alikuwa amesinzia. Mama aliweka kalamu chini.

“Mama, una swali?” Msomi aliuliza, kisha akauma ulimi. Alikuwa ameapa kwamba kazini atamwita kwa cheo. Lakini hakuna aliyecheka, kwa sababu bohari nzima ilimwita hivyo hivyo. Na wale waliotaka kumtania walimwita Mama Daftari.

“Sina swali,” alisema. “Endelea na yatima wako.”

Akaendelea. Alifika slaidi ya ishirini na tatu kabla Meneja hajaangalia saa.

Mashine waliyokuwa wakiizungumzia ilikuwa sanduku jeusi lenye kimo cha jokofu, lililokaa peke yake kwenye chumba cha baridi nyuma ya ofisi. Ilikuwa na umri wa miaka mingi kuliko Msomi. Kila alfajiri ya siku ya kazi ilisoma maombi ya hospitali na zahanati zote, ikaamua lori gani libebe nini na lianzie wapi. Programu zake mia sita na kumi na nne zilikuwa zimeandikwa, kurekebishwa na kubembelezwa na mtu mmoja. Mtu huyo alibakiza miaka miwili kustaafu.

Miezi miwili nyuma, mkaguzi alikuwa amemuuliza, “Ni nani aliyebadilisha programu hii mara ya mwisho, na kwa ruhusa ya nani?” Mama akafungua mtoto wa meza, akatoa daftari la mraba lenye jalada la kijani. Ndani, kwa mwandiko wa shule, kulikuwa na safu tano: Tarehe, Programu, Nani, Kwa nini, Imerudi. Ukichukua maandishi ya programu kuyafanyia kazi, unajaza mstari. Ukiyarudisha, unaandika tarehe kwenye safu ya mwisho. Mkaguzi alidhani anataniwa. Ripoti yake ilisema bohari ichague njia ya kueleweka ya kutunza programu na kudhibiti mabadiliko, la sivyo kazi yote ipewe kampuni ya nje. Ikija kampuni, Mama angepewa barua ya shukrani na saa ya ukutani.

Ndipo Msomi akaajiriwa kwa mkataba wa miezi mitatu ili achague njia hiyo. Mama mwenyewe ndiye aliyemwombea.

*

Baba yake alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba kilikuwa cha wateja kabla hakijawa cha familia. Walikula jioni hiyo kwenye meza ya kukatia, sahani zikiwa zimepangwa kati ya chaki na mkasi.

“Haya, Msomi, tueleze,” Baba alisema. “Umechagua mchumba gani?”

“Wako watatu, Baba. Wa kwanza ni mfumo unaotumiwa na vijana wote duniani. Maandishi yote yanatolewa kwenye ile mashine, yanakaa kwingine, kila mtu anapata nakala yake, anabadilisha, kisha wanaunganisha. Mzuri sana. Wa pili ni mdogo, hana umaarufu, anakaa humo humo ndani ya mashine ya zamani. Anafanya kazi, lakini kumtazama tu kunazeesha.”

“Na wa tatu?”

Msomi alicheka. “Wa tatu ni daftari la Mama.”

Baba hakucheka. Alimtazama mkewe, ambaye alikuwa akizungusha chakula kwenye sahani.

“Mama Daftari, mbona kimya? Mtoto anakuchongea.”

“Nimechoka tu.”

“Mama,” Msomi aliinama mbele, macho yaking’aa kwa ule moto wa mtu aliyesoma vitabu vitatu kuhusu jambo moja, “sikukejeli. Lakini tazama hali yenyewe. Programu ya kugawa mizigo peke yake ina nakala tisa za maandishi! Kuna UGAWAJI, kuna UGAWAJI2, kuna UGAWAJIX, kuna UGAWAJMPYA, kuna UGAWAJMWSH. Ipi ndiyo ya kweli?”

“Mashine inakubali herufi kumi tu,” Mama alisema. “Ningeweza kuandika ‘mwisho’ kwa urefu, ningeandika.”

“Sasa ipi?”

“Hiyo usiiguse.”

“Kwa nini?”

“Kwa sababu nimesema.”

Msomi aliitikia “sawa, Mama” kwa sauti ya upole ambayo baadaye ilikuwa ikimtia aibu kila alipoikumbuka. Ilikuwa sauti ya mtu anayemsubiri mzee amalize kuongea. Moyoni alikwisha kuamua. Angemwokoa mama yake hata asipotaka. Angemkabidhi mfumo safi, wenye kung’aa, na mama yake angelia machozi ya furaha, na huenda Meneja naye angelia kidogo.

*

Jumamosi asubuhi bohari ilikuwa tupu. Msomi alifika na kikapu cha matunda alichofungiwa na Baba, akavaa koti kwa ajili ya chumba cha baridi, akakaa mbele ya kioo cheusi chenye maandishi ya kijani.

Mpango wake ulikuwa mzuri kwenye karatasi. Angechukua maandishi ya programu zote mia sita na kumi na nne, aiambie mashine iyatafsiri upya kwa lugha yake yenyewe, na matokeo ayaweke kwenye kabati la majaribio, kama lilivyoitwa fungu la programu ndani ya mashine, mbali kabisa na kabati la kazi. Zile ambazo zingetafsirika angezihamishia kwenye mfumo wa vijana wa dunia. Ikifika Jumatatu, angekuwa na uthibitisho.

Daftari la kijani lilikuwa juu ya meza, kalamu imefungwa kwa uzi kwenye jalada lake. Alilitazama. Angepaswa kujaza mistari mia sita na kumi na nne. Alitabasamu, akalisogeza pembeni ili aweke kikapu cha matunda.

Kwenye UGAWAJI alisita kidogo. Mama alisema asiiguse. Lakini huku si kugusa, alijiambia, huku ni kujaribu. Na akachagua ile nakala yenye jina fupi, lisilo na X wala MWSH, kwa kuwa vitabu vyote vilikubaliana kwamba jina safi ndilo la kweli.

Kulikuwa na jambo moja ambalo vitabu vyake havikuligusia. Ile mashine ilikuwa na orodha ya makabati, na usipoitajia kabati, huweka kitu kwenye lile la kwanza katika orodha. Mama alilijua hilo kama mtu anavyojua ngazi ya tatu ya nyumba yake ni mbovu. Msomi aliiandika orodha hiyo kwa makini, akaweka kabati la kazi juu na la majaribio chini yake, kwa heshima ya wakubwa kutangulia. Kisha akabonyeza.

Mashine ilifanya kazi kwa muda wa saa nne bila kulalamika. Yeye alikula machungwa mawili na kujipiga picha.

*

Jumatatu saa moja na nusu, Kepteni aliingia ofisini bila kubisha, karatasi za mizigo mkononi.

“Mama, nisaidie. Hapa nimeambiwa nipeleke katoni kumi na mbili zahanati ya kiwanda cha sabuni. Kiwanda cha sabuni kilibomolewa! Nilikuwa bado na nywele!”

Mama alinyoosha mkono, akapokea karatasi. Aliisoma mstari kwa mstari.

“Na hapa,” Kepteni aliendelea, “lori lenye friji limepewa mashuka. Mashuka, Mama! Insulini yote iko kwenye lori la wazi, inaota jua. Vijana wameshaanza kupakia, nikawaambia shukeni, hii mashine imelewa.”

“Malori yametoka?”

“Hakuna lililotoka. Nimeegesha gari langu getini.”

“Mungu akupe nywele zingine,” Mama alisema, na tayari alikuwa amesimama. Alimgeukia mwanawe. Hakupandisha sauti. “Umegusa?”

Msomi alijaribu kusema neno “majaribio”. Kilichotoka kilikuwa kama kikohozi.

“Umeandika kwenye daftari?”

“Hapana, Mama.”

Alipita mbele yake bila kumtazama, akafungua kabati la chuma, akachukua kanda ya Ijumaa. Zilikuwa kanda nyingi, zimepangwa kwa tarehe, kila moja na karatasi yake ya mwandiko wa shule. Kila Ijumaa kwa miaka yote hiyo alikuwa akinakili programu zote za kazi kwenye kanda kabla ya kwenda nyumbani. Msomi alikuwa ameliita zoezi hilo, kwenye slaidi ya tisa, “mazoea ya kizamani”.

Ndani ya nusu saa programu za Ijumaa, UGAWAJI kwanza, zilikuwa zimerudi kwenye kabati la kazi, karatasi mpya zikachapwa, na insulini ikaingia kwenye friji. Malori yalitoka yamechelewa saa mbili. Kepteni alipopita dirishani alimpungia Msomi mkono. “Usijali, mdogo wangu! Mimi siku yangu ya kwanza niligonga lango. Lakini wewe umegonga zahanati zote!”

*

Meneja aliwaita wote wawili. Hakuwakaribisha kwenye viti.

“Nieleze kwa ufupi.”

“Ni kosa langu, mheshimiwa,” Msomi alisema. “Lote. Nilikatazwa, nikafanya. Nikaweka mahali pasipofaa, tena kwa toleo la zamani.”

“Basi ni rahisi. Mkataba wako unaisha leo. Mama ataandika maelezo mafupi kwa mkaguzi, kwamba kijana wa muda alikosea na ameondoka. Atatafsiri upya kutoka kwenye maandishi yaliyo sahihi, tutasonga mbele. Sawa, Mama?”

Msomi alitazama viatu vyake, ambavyo baba yake alivipiga rangi asubuhi. Aliona kwamba hii ndiyo ilikuwa nafuu kwa kila mtu. Yeye angepata kazi nyingine. Alikuwa na digrii na picha yake. Mama angebaki na miaka yake miwili.

“Haiwezekani,” Mama alisema.

“Nini hakiwezekani?”

“Kutafsiri upya. Maandishi yaliyo sahihi hayapo.” Alishika ukingo wa meza ya Meneja kwa vidole viwili. “UGAWAJI ni yatima. Programu yenyewe iko, inafanya kazi, lakini maandishi yake niliyapoteza. Nilikuwa nimemaliza kuyarekebisha, yale ya dawa za baridi, zile za friji, na orodha ya zahanati. Nikataka kupanga nakala zangu, nikanakili ya zamani juu ya mpya. Nilidhani naweka mpya juu ya ya zamani. Mashine haikuniuliza. Nilipogundua, kanda ya maandishi, ambayo ilikuwa moja tu, ilikuwa imeshaandikwa upya.”

“Lini?”

“Miaka kumi na mmoja.”

Meneja alikaa. “Na siku zote hizi inapohitaji mabadiliko?”

“Naandika programu ndogo inayotangulia, na nyingine inayofuata. Yenyewe siigusi. Kama unavyomvalisha mgonjwa shati bila kumwamsha.”

“Kwa nini hukusema?”

“Kila mwaka nilijiambia, mwaka huu. Halafu mtu anakuja, ananiita Mama, ananiuliza swali, ninalijibu, anafurahi.” Aliondoa vidole mezani. “Ukishazoea kuwa mtu mwenye majibu, ni vigumu. Lakini huyu hataondoka kwa kosa langu. Kwa lake aadhibiwe kivyake.”

Msomi hakuwahi kumwona mama yake amesimama hivyo mbele ya mtu, mikono imetulia kama mtoto wa shule. Alitamani zile slaidi zake zote azitafune, moja moja, pamoja na ile yenye picha ya jua likichomoza.

Meneja alizungusha kalamu. “Mkaguzi anarudi tarehe ishirini na mbili. Zimebaki wiki tatu. Siku hiyo nikikutwa na yatima hata mmoja, mtaondoka wote wawili, na mtapanda gari moja. Nendeni.”

*

Walipofika nyumbani, Baba alikuwa anapiga pasi suruali ya mteja. Aliwatazama, akazima pasi. Mama akamweleza yote, akiwa amesimama bado na mkoba begani.

“Kumbe,” Baba alisema. “Na mimi miaka yote nadhani unaguna usingizini kwa sababu yangu.”

“Usifanye mzaha, baba watoto.”

“Sifanyi. Subiri nielewe. Nguo ipo, inavaliwa. Karatasi ya kukatia ndiyo imepotea.”

“Hasa.”

“Mbona mimi yananikuta hayo kila mwezi? Mteja ana koti analolipenda, fundi wake amehama. Nifanyeje, nilifumue? Nikilifumua hana koti. Nalilaza mezani, napima, nakata jipya pembeni, naliweka juu ya lile la zamani. Pasipolingana, nafumua la kwangu. La kwake siligusi mpaka yalingane pindo kwa pindo.”

Mama na Msomi walitazamana. Ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

“Tuna maombi ya zahanati ya miaka mitatu,” Mama alisema polepole. “Na majibu iliyotoa.”

“Tuandike mpya,” Msomi alisema. “Tuipe maombi yale yale. Majibu yasipofanana, tunarekebisha ya kwetu. Kwenye kabati la majaribio.” Alimsogezea mama yake chaki. “Wewe ndiye utakayeandika orodha ya makabati.”

“Hilo,” alisema Mama, “hukuwa na haja ya kulisema.”

Walifanya kazi kwenye meza ya kukatia, kwa kompyuta ndogo ya Msomi iliyounganishwa na mashine ya bohari, kila alasiri baada ya ofisi, wakimgombania Baba nafasi. Mama alikumbuka, Msomi aliandika. Na mara nyingi alikumbuka vibaya, naye aliandika vibaya zaidi. Siku ya kwanza programu yao mpya ilipeleka kila kitu hospitali moja. Siku ya nne ilikataa kabisa kupeleka pamba, bila sababu inayojulikana. Msomi aligundua kwamba mama yake hucheka kwa sauti anapokosea, kicheko ambacho nyumbani hakikuwa kimesikika kwa muda ambao sasa aliweza kuuhesabu.

Katika siku hizo Msomi alichagua pia mfumo, ule wa pili, akauwasilisha kwenye mkutano. Safari hii alitumia slaidi tatu.

“Na ule wa vijana wa dunia nzima?” Meneja aliuliza.

“Ni mzuri, na siku moja tutaufikia. Lakini wenyewe unatunza maandishi tu, na ugonjwa wetu haukuwa maandishi. Ulikuwa programu iliyokwenda kazini bila maandishi yake. Huu mdogo unakaa humo humo kwenye mashine. Hauruhusu programu iingie kabati la kazi bila kuonyesha maandishi iliyozaliwa nayo, na hata nikikosea orodha, haunipitishi. Tena aliyebadilisha hawezi kujipitishia mwenyewe. Lazima mwingine akubali. Na kabla ya yote unakuuliza tarehe, programu, nani, kwa nini, na ukimaliza unakudai urudishe.”

Kepteni alifumbua jicho moja. “Mbona hilo ni daftari la Mama?”

“Ndiyo,” Msomi alisema. “Ni daftari la Mama lenye kufuli. Nimesoma miaka minne kuja kuwaambia hivyo.”

*

Tarehe kumi na nane alasiri, siku mia saba na themanini za maombi zilipita kwenye programu mpya, na majibu yakalazwa juu ya yale ya zamani. Hakukuwa na tofauti hata katoni moja. Baba alikuja kutazama kioo, ingawa hakukuwa na cha kuona ila neno la kijani lisemalo kwamba tofauti ni sifuri.

“Imekaa vizuri mabegani,” alisema, akarudi kwenye suruali yake.

Kesho yake asubuhi, Mama aliingiza UGAWAJI kwenye mfumo mpya na Msomi akaikubali. Meneja alimwongezea mkataba wa miezi sita, wa majaribio. Msomi alilisoma neno hilo mara mbili, akasaini. Mama aliambiwa suala lake litaandikwa kwenye faili, na atabaki. Hakuomba liandikwe kwa maneno laini.

Kisha alifungua mtoto wa meza, akatoa daftari la kijani. Alifunua nyuma, karatasi nyingi, mpaka ukurasa uliokuwa umeanza kugeuka rangi. Msomi aliona mstari mmoja ambao safu yake ya mwisho ilikuwa tupu, katikati ya mistari yote iliyojaa. UGAWAJI. Mimi. Dawa za baridi. Mama aliandika tarehe ya leo chini ya neno Imerudi, akaipuliza wino ukauke.

“Haya, na wewe,” alisema, akafunua ukurasa wa mwisho. “Ile Jumamosi yako. Jaza.”

“Sasa tuna mfumo, Mama.”

“Ile Jumamosi tulikuwa na hili.”

Alijaza. Tarehe, programu, jina. Kwenye safu ya Kwa nini alikaa muda mrefu. Aliwaza “kuboresha”, aliwaza “majaribio”, aliwaza sentensi ndefu yenye maneno matatu ya chuoni.

“Fupisha,” Mama alisema. “Safu ni nyembamba.”

Akaandika: Sikuuliza.

Mama alilisoma, akaichukua kalamu mkononi mwa Msomi, na uzi wake ukavutika. Alirudi kwenye ule ukurasa wa zamani, na pembeni ya “Dawa za baridi”, kwa herufi ndogo ili zitoshe, akaongeza: Sikusema. Kisha akalifunga daftari, akalirudisha kwenye mtoto wa meza, na kumwambia mwanawe aondoe maganda ya machungwa aliyoyaacha nyuma ya mashine, yameanza kunuka.